Mpanga programu wa tamasha la filamu ni nani hasa?

Wengi wakikuta cheo hiki kwenye kijitabu cha tamasha hudhani ni mtu wa kompyuta. Neno programu ndilo linalowapoteza. Hapa programu ni ratiba yenye hoja: filamu zipi zionyeshwe, siku gani, ukumbi upi, na ipi ikae jirani na ipi. Wapo wanaomwita mteuzi wa filamu. Jina hilo lina ukweli nusu, kwa sababu kuteua ni sehemu ya kwanza tu ya kazi yake.

Sehemu hiyo ni ya kutazama, tena kutazama kwingi. Filamu zikiingia kwa mamia, mpanga programu husaidiwa na watazamaji wa awali wanaotoa alama, na hapo ndipo penye mtego. Tuseme filamu moja imepata sita kwa kila mmoja wa watazamaji watatu. Nyingine imepata tisa, nne na mbili. Kwa wastani, ya kwanza inapita na ya pili inatupwa. Mpanga programu anayeijua kazi huifungua ile ya pili kwanza, aone ni nini kilichowagombanisha watu wake. Filamu isiyomuudhi yeyote mara nyingi haimgusi yeyote pia.

Kisha kuna kupanga, na kwangu mimi utamu wa kazi uko hapa. Chukua kipindi cha filamu fupi cha dakika 90. Kwa kanuni za tuzo za Oscar, filamu fupi ni ile isiyozidi dakika 40, lakini yenye dakika 38 hula nafasi ya nyingine tatu au nne, kwa hiyo sharti iwe nzuri kweli. Mezani una filamu ya dakika 22 kuhusu mazishi, kichekesho cha dakika 8 na katuni ya dakika 5 isiyo na maneno. Kichekesho kikifuata mazishi moja kwa moja, watu watacheka huku wakiona haya, na filamu zote mbili zitakuwa zimeumia bila kosa lao. Ukiitia katuni katikati, ukumbi unapata pumzi. Filamu ni zilezile, ila jioni imekuwa nyingine.

Kazi hii si ya kale sana. Tamasha la Venice lilianza 1932, la Cannes 1946, lakini kwa miaka mingi huko Cannes kila nchi ndiyo iliyoamua ipeleke filamu gani. Ni mwaka 1972 tamasha lenyewe lilipoanza kuchagua. Kabla ya hapo, Mtunisia Tahar Cheriaa alikuwa ameanzisha tamasha la Carthage mwaka 1966, na Ouagadougou, mji mkuu wa Burkina Faso ya leo, ikafuata 1969 na tamasha lililokuja kuwa FESPACO, tamasha kubwa la filamu za Afrika. Kumbi za Afrika zilikuwa zimejaa filamu za nje. Filamu za Waafrika zilipatikana, zilikosa pa kuonyeshwa. Ukitaka kujua uzito wa anayeshika kalamu ya ratiba, anzia hapo.

Zipo pia kero ambazo mtazamaji hazioni. Matamasha makubwa hutaka yawe ya kwanza kuonyesha filamu, kwa hiyo mtayarishaji hushikilia filamu yake akisubiri jibu la tamasha kubwa, huku tamasha la mkoani likimngoja yeye. Barua za kukataa nazo zina adabu yake. Nionavyo, mistari mitatu ya heshima inayofika mapema inamfaa msanii kuliko ukurasa mzima wa sifa unaofika tamasha limeshafunguliwa.

Siku yenyewe, filamu huwa ni faili kubwa ndani ya mashine ya ukumbi, na mara nyingi imefungwa kwa ufunguo wa kidijiti unaokubali saa fulani tu, kwenye mashine ile tu. Mazungumzo na mwongozaji wa filamu iliyotangulia yakirefuka kwa dakika 40, ufunguo wa inayofuata unaweza kukaribia kuisha. Ukimwona mtu amesimama nyuma ya ukumbi, jicho moja kwa mwongozaji anayejibu maswali kwa raha zake, jingine kwenye saa, huenda ndiye.