Supagrupu ni nini hasa, na kwa nini albamu ya HSAS ilisahaulika

Siku hizi neno supagrupu linatumika kiholela, bendi yoyote ikishakuwa kubwa watu wanaiita supagrupu, lakini Queen au U2 sio supagrupu hata wajaze viwanja vingapi. Wale walikutana hawajulikani wakakua pamoja. Supagrupu ni bendi ambayo wanamuziki wake walishakuwa na majina kabla ya kukutana, kila mtu anatokea kwenye bendi yake au kazi yake binafsi, halafu wanaungana kupiga kitu kimoja. Neno lilianza kushika mwishoni mwa miaka ya 60, kina Eric Clapton, Jack Bruce na Ginger Baker walipounda Cream mwaka 1966, na baada ya Cream kuvunjika Clapton na Baker wakaenda kwa Steve Winwood na Rick Grech wakatoa albamu moja kama Blind Faith mwaka 1969, na mwaka huohuo ikawa imeisha.

Kwa sisi tuliokulia kwenye dansi, usichanganye hii na kuhama bendi. Mwanamuziki wa dansi akihama kahama kweli, kaacha bendi moja kaingia nyingine na mashabiki wanagombana wiki nzima. Kwenye supagrupu mara nyingi mtu hajahama popote, bendi yake bado ipo, mkataba wake na lebo bado upo, amepata tu mwanya wa miezi kadhaa. Huo mwanya ndo kila kitu, ukiuelewa utaelewa kwa nini hizi bendi zinakufa mapema na kwa nini albamu nzuri kabisa zinabaki bila mtu wa kuzisemea.

Mfano wangu ni HSAS. Walitoa albamu moja tu, Through the Fire, mwaka 1984, lebo ni Geffen. Jina ni herufi za kwanza za majina yao: Hagar, Schon, Aaronson, Shrieve. Sammy Hagar ndo mwimbaji, alianza kusikika na bendi ya Montrose mwaka 1973 kisha akajitegemea. Neal Schon ndo mpiga solo wa Journey, na kabla ya hapo akiwa bado kijana mdogo kabisa alishapiga na Santana. Kwenye drams yuko Michael Shrieve, yule aliyepiga na Santana pale kwenye tamasha la Woodstock mwaka 1969 akiwa na miaka 20, ile solo yake ya drams watu wanaitazama mpaka leo. Kenny Aaronson wa besi jina lake halikuwa kubwa kama la wenzake lakini alishapita bendi za Dust na Stories, na ukisikiliza kwa makini yeye ndo anawafunga wote watatu wasitawanyike. Kwa hiyo Schon na Shrieve walikuwa wanajuana tangu Santana, wako pamoja kwenye albamu ya Santana ya 1971, hili halikuwa kundi lililokusanywa na wakubwa wa lebo mezani.

Sasa mwanya wao ulitoka wapi. Journey walikuwa wametoka kutoa Frontiers mwaka 1983, ikafika namba 2 Marekani, baada ya hapo mwimbaji wao Steve Perry akaingia kwenye albamu yake mwenyewe, basi Schon akawa huru. Hagar naye alikuwa katikati ya albamu zake mbili. Wakaandika nyimbo, wakafanya mazoezi, na Novemba 1983 wakaenda kuzipiga jukwaani huko kwao pande za San Francisco, nyimbo ambazo watazamaji hawajawahi kuzisikia hata mara moja!! Wakarekodi zile shoo, kisha wakaingia studio wakarudia sehemu walizotaka kurekebisha na wakaondoa kelele za watu.

Hapo ndo pananivutia kuliko pote. Ukiisikiliza bila kujua unadhani ni albamu ya studio, hakuna makofi, hakuna anayepiga kelele, lakini kuna kitu hakikai kama studio, drams za Shrieve zina nafasi kubwa kama ukumbi mzima, na gitaa linakimbia mbele kwa namna ambayo mtu hapigi akiwa amekaa kwenye kiti na hedifoni kichwani. Roki ya melodi ya miaka ile, yaani roki yenye kiitikio cha kuimbika na sauti zilizopangwa vizuri, ilikuwa inang'arishwa sana studio na kujazwa vinanda. Hawa wanne hawana mpiga kinanda kati yao. Wimbo wao wa kurudia, yaani wa bendi nyingine walioupiga upya, ni A Whiter Shade of Pale wa Procol Harum wa mwaka 1967, kila anayeujua anaujua kwa ile ogani, na hapa mzigo wa ogani anaubeba Schon kwa gitaa. Wengine hawapendi kabisa hiyo, mimi naona ndo sehemu inayoonyesha hawa watu walikuwa wanajaribu kitu. Wimbo huo uliingia chati za Marekani ukaishia namba 94, na albamu yenyewe ikafika 42.

Namba 42 sio aibu, lakini linganisha na Asia, supagrupu nyingine ya lebo hiyohiyo, albamu yao ya kwanza ya mwaka 1982 ilikaa namba 1 Marekani wiki tisa. Asia walijipanga kama bendi ya kudumu, wakakaa studio London muda wa kutosha, mwaka uliofuata wakatoa ya pili. HSAS hawakuwa na mwaka uliofuata. Albamu imetoka mapema 1984, kabla mwaka haujaisha Hagar ametoa albamu yake VOA yenye wimbo I Can't Drive 55, mwaka 1985 kaingia Van Halen, na 1986 albamu yao 5150 iko namba 1. Schon karudi Journey. Nani abaki kuzunguka na nyimbo za HSAS? Hakuna. Albamu inahitaji bendi ya kuipiga usiku baada ya usiku, na hii bendi haikuwepo tena.

Na kuna bahati mbaya nyingine, kuna wimbo humo unaitwa Missing You, mwaka huohuo 1984 John Waite naye akatoa wimbo tofauti kabisa wenye jina hilohilo ukapanda mpaka namba 1. Ukitafuta leo unamkuta Waite kwanza. Halafu Waite huyohuyo ndo baadaye aliungana na Schon kwenye Bad English, supagrupu nyingine, albamu mbili wakaachana.

Hagar na Schon walijaribu tena mwaka 2002 na Planet Us, wakiwa na Michael Anthony wa Van Halen na Deen Castronovo kwenye drams, haikufika hata kwenye albamu.

Ukitaka kuisikiliza Through the Fire iko nyimbo tisa, anza mwanzo na Top of the Rock na tafadhali usiichanganye mpangilio, maana Valley of the Kings na Giza zinafuatana, ile ya pili ni kipande kifupi tu, ukikipiga peke yake hutaona kinafanya nini pale.