Je, wajua? Kwa nini mita husoma volti 12 huku taa ya ndani ya gari imefifia

Unafungua mlango wa gari usiku. Taa ya darini inawaka, lakini mwanga wake ni mwekundu kama wa kibatari, na risiti uliyoshika mkononi huwezi kuisoma. Unatoa globu, unagusisha ncha za mita ya kupimia umeme pale globu ilipokaa, mita inaandika 12.4. Umeme upo, waya mzima. Basi mbovu ni globu, sivyo?

Nami niliamini hivyo kwa muda mrefu, na nilikosea. Kwenye gari dogo la Kijapani nililokuwa nalo Tanga nilibadilisha globu tatu, na kila mpya iliwaka kwa ufifi uleule. Baadaye nikaigeukia betri. Chanzo kilikuwa skrubu moja yenye kutu kwenye nguzo ya mlango wa dereva.

Betri ingepaswa kuwa ya mwisho kushukiwa. Stata huvuta ampea mia na zaidi inapogeuza injini. Globu ya darini ya wati 10 haifikishi hata ampea 1. Betri inayowasha injini bila kusita haiwezi kushindwa na globu. Fyuzi nayo ikikatika huzima taa kabisa, ingawa miguu yake ikishika kutu inaweza kuleta ufifi. Globu kuukuu hufifia kweli, na alama yake huonekana: kioo kinaingia weusi kwa ndani, kwa sababu madini ya uzi wake yamekuwa yakipaa kidogo kidogo na kuganda kwenye kioo. Lakini globu mpya ikiwa na ufifi uleule, acha kununua nyingine.

Sasa turudi kwenye ile 12.4, maana hapo ndipo wengi tunapotea. Mita ilisema kweli. Mimi ndiye niliyepima wakati ambao umeme haukuwa unatembea.

Chukua mpira wa kumwagilia bustani. Fungua bomba, kisha mwambie mtoto asimame juu ya mpira katikati, aubane lakini asiuzibe kabisa. Sasa ziba mdomo wa mpira kwa kidole gumba. Subiri kidogo. Utahisi maji yanasukuma kidole kwa nguvu zote za bomba, kana kwamba hakuna aliyesimama popote. Kwa kuwa maji hayatembei, pale palipobanwa hapana cha kupunguza. Ondoa kidole: maji yanachuruzika tu. Nguvu uliyoihisi imepotea mara maji yalipoanza kupita chini ya mguu wa mtoto.

Mita ndicho kile kidole gumba. Mita za kidijitali zimeundwa zisinywe umeme. Nyingi zina ukinzani wa ndani (kiasi cha kuzuia umeme usipite, hupimwa kwa ohmu) wa ohmu milioni 10 hivi. Globu ndiyo mdomo ulioachwa wazi. Mguu wa mtoto ni kutu.

Tuweke hesabu, kwa sababu hesabu yenyewe inashangaza. Globu ya wati 10 ikiwaka vizuri kwa volti 12 ina ukinzani wa ohmu 14 hivi. Tuseme kutu imeongeza ohmu 3 njiani. Unapopima kwa mita, umeme unaopita ni mdogo mno, na zile ohmu 3 hula sehemu chache za milioni za volti moja. Kioo cha mita hakiwezi kuonyesha upungufu huo. Rudisha globu mahali pake na ohmu zilezile 3 zinakula volti 2 nzima. Globu inabaki na volti 10.

Tena uzi wa globu hauvumilii. Mwanga wake haushuki sambamba na volti, unaporomoka: kwa volti 10 badala ya 12, kinachobaki ni kama nusu. (Uzi ukipoa ukinzani wake nao hushuka kidogo, kwa hiyo ichukue hesabu hii kama makadirio.) Volti 2 zilizopotea huonekana kitu kidogo kwenye karatasi, lakini ndani ya gari ni tofauti ya kusoma risiti na kutoisoma.

Ndiyo maana namheshimu fundi umeme wa zamani mwenye testa ya kujitengenezea, globu moja na nyaya mbili. Niliwahi kuiona kama zana ya mtu asiye na mita. Kumbe testa ile inakunywa umeme, kwa hiyo inafichua kutu ambayo mita ya kidijitali inaipita. Tahadhari moja ya kweli: usiichomeke kwenye nyaya za mifuko ya hewa ya usalama, kwa sababu umeme inaouvuta unaweza kuifyatua.

Kutu hukaa wapi? Kwenye magari mengi ya Kijapani ya zamani, umeme chanya hufika kwenye taa ya darini muda wote, na swichi huwa upande wa kurudi. Kile kitufe cha mlangoni chenye kofia ya mpira kina waya mmoja tu. Njia yake ya pili ni skrubu inayokishikilia kwenye bodi, na bodi nzima ndiyo waya wa kurudi hadi kwenye hasi ya betri. Skrubu unayodhani inashikilia kitufe tu inapitisha umeme wote wa taa. Kwa hewa ya chumvi ya pwani na maji ya kuoshea gari, hapo ndipo panapoanza kuoza.

Kabla ya bisibisi, jaribu mambo mawili. Sukuma kiswichi cha taa yenyewe kutoka alama ya DOOR hadi ON. Mara nyingi ON hupitia njia nyingine ya kurudi, kwa hiyo taa ikichangamka, shaka inahamia milangoni. Kisha rudisha DOOR, ufungue mlango mmoja mmoja. Kwangu mlango wa abiria uliwasha taa nyeupe kabisa, wa dereva ukawasha ile nyekundu. Nikabonyeza bamba la kitufe cha dereva kwa dole gumba, mwanga ukapanda, nikaachia, ukashuka.

Ukitaka mita ikusaidie, pima taa ikiwa inawaka. Ncha moja iguse upande wa globu unaorudi, nyingine hasi ya betri. Njia safi husoma karibu na sifuri. Ukiona volti 1 au 2, zile ndizo volti zinazokosekana kwenye globu. Upande wa chanya usiuguse na chuma chochote cha bodi, fyuzi itakatika.

Tiba yenyewe ilichukua dakika chache: skrubu nje, unga wa kahawia ukadondoka, msasa kwenye bamba na kwenye chuma cha nguzo hadi ving'ae, mafuta ya grisi kidogo juu baada ya kukaza.

Wengi huniambia walitibu ufifi kwa kuweka LED. Nawaamini kwamba taa iling'aa. LED ya wati 1 huvuta chini ya sehemu moja ya kumi ya ampea, kwa hiyo ohmu 3 za kutu zinakula robo ya volti tu. Kutu ipo palepale na inaendelea kukua.

LED ina mkasa wake mwingine: kwenye baadhi ya magari haizimi kabisa, inabaki na mng'ao mdogo milango yote ikiwa imefungwa. Umeme kiduchu unaovuja kwenye saketi, usioweza hata kuupasha moto uzi wa globu ya kawaida, unatosha kuiwasha LED. Na kwenye magari mapya ambayo taa huzimwa polepole na kompyuta ya bodi, vipimo vya skrubu na kitufe nilivyoeleza havitoshi. Hapo kompyuta ndiyo inayoamua taa ipate umeme kiasi gani.