Je, wajua? Neno “guy” lilikuwa jina la mhaini

Leo Mmarekani humwita mwanamume yeyote “guy” bila kukusudia ubaya wala sifa. Hata hivyo, neno hilo lilianza kama jina la mtu mmoja, Guy Fawkes, Mkatoliki mzaliwa wa York aliyekamatwa usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba 1605 chini ya ukumbi wa Bunge la Malodi jijini London, akilinda mapipa 36 ya baruti yaliyokusudiwa kumwangamiza Mfalme James wa Kwanza pamoja na wabunge wake. Kiongozi wa njama hiyo alikuwa Robert Catesby, lakini aliyekutwa na baruti ndiye aliyebakia midomoni mwa watu.

Mwaka 1606 Bunge lilipitisha sheria ya kuadhimisha tarehe hiyo kila mwaka, nayo haikufutwa hadi 1859. Mioto mikubwa iliwashwa, na baada ya muda watoto wakazoea kutengeneza sanamu ya Fawkes kwa nguo kuukuu zilizojazwa majani makavu au matambara, wakaizungusha mitaani wakiomba senti, kisha ikachomwa. Sanamu hiyo ndiyo iliyoitwa “guy”. Kwa kuwa ilivishwa chochote kilichopatikana, katika karne ya 19 Waingereza walianza kumwita hivyo mtu aliyevaa ovyo au kichekesho, na kitenzi chake kikawa na maana ya kudhihaki.

Tusi hilo liliishiwa makali nchini Marekani, ambako kufikia katikati ya karne hiyo “guy” alikuwa mwanamume tu. Naona sababu haiko mbali: baada ya uhuru, desturi ya kuchoma sanamu Novemba ilififia huko, hivyo hapakuwa na kitu cha kuwakumbusha watu asili ya kejeli hiyo.

La kushangaza zaidi ni wingi wake, “guys”, ambao sasa huwahusu hata wanawake, ingawa wapo wasiopenda kuitwa hivyo. Kiingereza sanifu cha leo hakitofautishi “wewe” na “ninyi”, kwani “you” hubeba yote mawili. Kwa hiyo wasemaji wengi huongeza “guys” ili ieleweke kwamba wanazungumza na zaidi ya mmoja, ilhali watu wa kusini mwa Marekani huziba pengo hilohilo kwa “y'all”.