Kwa nini mishipa ya moyo ya Watsimane haizeeki haraka?

Je, wajua kwamba mzee wa miaka 80 kule misitu ya Amazon, nchini Bolivia, anaweza kuwa na mishipa ya moyo kama ya Mmarekani wa miaka hamsini na kitu? Wenye bahati hiyo ni Watsimane, watu wa kulima, kuvua na kuwinda.

Lakini nani aliwafungua vifua? Hakuna. Mafuta yakijikusanya ndani ya ukuta wa mshipa, hutokea kidonda, na baada ya miaka mwili hulimbika kalsiamu, yaani chokaa, mahali hapo. Eksirei hupenya nyama kwa urahisi ila chokaa huizuia, kama mfupa unavyoizuia. Kwa hiyo kwenye picha ya CT, yaani eksirei inayopigwa kuzunguka mwili na kuunganishwa na kompyuta, kidonda cha zamani hung'aa cheupe. Mwaka 1990 daktari Mmarekani Arthur Agatston na wenzake walionyesha namna ya kukihesabu: ukubwa wa doa pamoja na mng'ao wake hutoa alama. Sifuri ni habari njema (ingawa mafuta mabichi yasiyo na chokaa hayaonekani), ila ikizidi 100 daktari hukunja uso.

Watafiti waliwasafirisha Watsimane 705 wenye miaka 40 na zaidi, kwa mto na barabara, hadi mji wa Trinidad, huko huko Bolivia, wenye mashine ya CT. Majibu yalitoka mwaka 2017: watu 85 katika kila 100 hawakuwa na chokaa hata chembe. Waliozidi alama 100 walikuwa kama 3 tu katika kila 100.

Kilichowashangaza wengi ni kwamba miili ya Watsimane imejaa uvimbe wa ndani (si wa saratani, bali ule wa mwili kupambana na vijidudu) kwa sababu ya minyoo na maambukizi, na uvimbe huo hudhaniwa kuchochea ugonjwa wa moyo. Chakula chao nacho si cha ajabu: wali, ndizi za kupika, muhogo, mahindi. Mtu wa Bukoba angekaa akala. Ila lehemu mbaya kwao iko chini, sigara ni adimu, na wanaume huwa kwenye shughuli za mwili kwa muda wa saa 6 hadi 7 kila siku. Mimi naitazama hiyo shughuli kwanza, kabla ya muhogo.

Mwaka 2021 picha za vichwa vyao zikasomwa pia. Ubongo wao, kuanzia utu uzima wa makamo hadi uzee, ulikuwa ukisinyaa polepole kwa takriban asilimia 70 kuliko wa watu wa Marekani na Ulaya.

Siku hizi mitumbwi ya injini imeingia mtoni, na sukari na mafuta ya kupikia hufika vijijini kutoka mjini.