Mwenyekiti akifariki, muhuri unabaki kwa nani?

Juzi hapa Busia, upande wa Uganda, mama mmoja alinijia. Benki inataka barua ya LC1 (Local Council, yaani serikali ya mtaa, ngazi ya kijiji), lakini mwenyekiti wa kijiji chake tulishamzika, na muhuri uko kwa mjane, ndani ya kopo la maziwa ya unga. "Sasa mzee, nani atanigongea?"

Kazi yangu ni kufundisha viongozi wa LC, na swali hili hulijibu kwa swali: marehemu alikipataje kiti?

Mwenyekiti wa LC1 huchaguliwa na wakazi wenye miaka 18 na zaidi, kwa mlolongo. Unasimama nyuma ya mtu wako, au wakala wake, au picha yake, mnahesabiwa mchana kweupe. (Jirani anakuona, ndiyo. Nimeona watu wakihama mstari mara mbili kabla ya hesabu.) Kiti hicho makamu anakikaimu tu, mwenyekiti kamili anatokana na uchaguzi wa Tume ya Uchaguzi. Na uchaguzi wenyewe ni adimu: baada ya 2001, vijiji vilisubiri hadi Julai 10, 2018. Muhula huo ulipokwisha 2023, ukaongezwa. Miaka yote hiyo watu wanakufa, wanahama.

Kamati ina watu 10. Katibu mkuu, wa fedha, wa usalama na wenzao hupendekezwa na mwenyekiti, baraza la kijiji, yaani ninyi nyote, likaidhinisha. Mmoja akihama, itisheni kikao. Ila viti vya wanawake, vijana na walemavu havijazwi hapo. Vinatoka kwenye mabaraza yao. Niliwahi kukuta kikao kimempitisha kwa makofi "kijana" wa miaka 38, wakati sheria inaishia 30.

Msiache mapengo hayo, kwa sababu LC2, ngazi ya parishi yenye vijiji kadhaa, haichaguliwi na kijiji kizima. Wapiga kura wake ni wajumbe wa kamati za LC1 za parishi hiyo, kwa hiyo kiti kitupu ni kura iliyopotea. LC3 (kata) na LC5 (wilaya) ni kura ya siri, na wao pengo likitokea kuna uchaguzi mdogo.

Makamu wa kijiji cha yule mama tulimkuta sokoni akiuza mukene (dagaa). Hata yeye hakujua kwamba kisheria ndiye pia katibu wa ustawi wa watoto. Akajifuta mikono, akamtafuta katibu mkuu, wakaenda wote kwa mjane kulichukua kopo.