Je, jirani yako kwenye basi hapendi kusemeshwa?

Wengi huamini abiria usiyemjua hapendi kusemeshwa, hivyo bora kila mtu na simu yake. Utafiti wa Chicago uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kinyume: abiria wa treni na mabasi walidhani maongezi yangewaharibia safari, kumbe waliozungumza na jirani waliifurahia zaidi ya walionyamaza. Tahadhari ya kutopokea chakula wala kinywaji cha usiyemjua ni ya haki, ibaki palepale. Salamu ni jambo jingine.

Jipimie mwenyewe. Ukipanda basi Tanga kwenda Dar, kisia kwanza maongezi yatakuwaje. Pale Muheza, wauza machungwa wanapoinua ndoo madirishani, muulize jirani kama bei imepanda. Mkifika Segera, linganisha na ulichokisia. Akijibu kwa mkato, mwache apumzike.