Faragha ya Mnunuzi Katika Masoko Yasiyo na Msimamizi: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Dhana inayotangulia zote ni kwamba soko la mtandaoni lisilo na kampuni katikati halina anayemtazama mnunuzi. Iliwavutia wengi kwa OpenBazaar, programu iliyofunguliwa mwaka 2016 ili kuunganisha muuzaji na mnunuzi kompyuta kwa kompyuta, bila ada ya dalali. Ni kweli kwamba hapakuwa na hifadhi moja yenye majina na manunuzi ya watu wote, na hilo si jambo dogo. Lakini kompyuta mbili zinazozungumza moja kwa moja huoneshana anwani za IP, yaani namba zinazoitambulisha kompyuta mtandaoni, ambazo hudokeza eneo na kampuni ya intaneti ya mnunuzi. Toleo la pili liliruhusu kupitia mtandao wa Tor, unaoficha anwani hizo, ila kwa hiari, na la hiari husahaulika.

Dhana ninayoiona kuwa na madhara zaidi ni kwamba kulipa kwa Bitcoin, sarafu ya kidijitali, ni kulipa bila kujulikana. Ukweli ni kwamba kila malipo huandikwa katika daftari la umma ambalo yeyote anaweza kulisoma na ambalo halifutiki. Haliandikwi jina bali namba ya malipo, ila muuzaji, ambaye tayari anajua jina na mahali pa kupeleka mzigo, anaweza kuihusisha namba iliyomlipa na mtu huyo, kisha akafuatilia fedha zilikotoka na chenji ilikokwenda. Kampuni iliyomuuzia mnunuzi sarafu hizo kwa kitambulisho nayo ina kipande chake cha habari. Satoshi Nakamoto mwenyewe, mwanzilishi wa Bitcoin, katika andiko lake la mwaka 2008, alishauri jozi mpya ya funguo, yaani namba mpya, kwa kila muamala, huku akikiri kwamba malipo yanayokusanya fedha kutoka namba kadhaa hufichua kuwa zote ni za mtu mmoja. Monero, sarafu nyingine ya kidijitali iliyoanza mwaka 2014, leo huficha mtumaji, mpokeaji na kiasi. Haifichi kile ambacho mnunuzi amemwandikia muuzaji.

Usimbaji fiche, yaani kuugeuza ujumbe usisomeke na wasiohusika, nao hupewa sifa zisizo zake. Huwazuia wapita njia kusoma oda, si muuzaji, ambaye hawezi kutuma kiatu asikokujua. Ukizuka mgogoro, mwamuzi anayeshika funguo ya tatu, kwa kuwa fedha hutoka kwa sahihi mbili kati ya tatu (ya mnunuzi, ya muuzaji na yake), huoneshwa mkataba ili aamue. Sanduku la posta, lililozoeleka Afrika Mashariki, huficha mlango wa nyumba kuliko programu yoyote.

Wengine huamini kwamba sheria itafuta alama zilizobaki. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, humwezesha mtu kudai taarifa zake zifutwe, lakini dai huhitaji mwenye kulipokea. Kampuni iliyoendeleza OpenBazaar ilipositisha huduma zake mwanzoni mwa 2021, haikuwa na orodha ya wateja ya kufuta: anwani zilikuwa kwa wauzaji mmoja mmoja, na malipo yangali yanasomeka daftarini.